Minazi Tisa Katika Shamba la Wawe

Kazi yangu ya kwanza niliianza alfajiri ya Jumatatu pale Bongwe, nikiwa na miaka kumi na saba, na mkubwa wangu wa kwanza kazini alikuwa bibi yangu mzaa mama. Sisi Wadigo bibi twamwita wawe. Wawe Mwanatumu alinipa kiserema, yaani jembe lililolika mpaka likabaki kama kijiko, na yeye akashika jembe jipya.

"Mbona mimi nipewe bovu?" nikauliza.

"Jembe jipya ni la mtu wa kazi. Wewe bado mgeni."

Akanipimia ngwe. Ngwe ni kipande cha mtu mmoja kulima kwa siku, hupimwa kwa fimbo na kutiwa kijiti kila pembe. Yangu ilikuwa nusu ya yake. Jua lilipofika utosini alikuwa ameimaliza yake na ameingia kwenye yangu, nami viganja vimejaa malengelenge. Kwa desturi yetu bibi na mjukuu wa kiume hutaniana kama mke na mume, basi akaweka mkono kiunoni, akawaita wanawake waliokuwa wakipita na kuni.

"Jamani, mwaona nilivyoolewa vibaya? Mume huyu hata nyasi zamcheka!"

"Mrudishe kwao!" akajibu mmoja.

"Nimrudishe vipi, na mahari nimeshaila?"

Vijana mnaoniita Fundi wa Miche, mnaoiona nyumba yangu ya mawe na minazi yangu iliyoshuka hadi barabarani, mwadhani nilizaliwa hivi. Darasa nililiona miaka miwili tu. Lakini hakuna bwana shamba aliyepita huku na vyeti vyake ambaye hakusimama kunitazama nikilaza mbegu, na wengine nimewasahihisha. Nasema kwa kuwa ni kweli, na waliosahihishwa wengine wako hai, waulizeni.

Nilikaa kwa Wawe misimu miwili, wa mvua za mwaka na wa vuli. Nilijifunza kufyeka, kuchoma, kutifua, kupalilia, na kukaa juu ya dungu, ule ulingo wa miti ambao mlinzi hukaa juu yake kuwafukuza nyani na kuamia ndege wasimalize mpunga. Kazi hizo mimi ziliniumiza misimu miwili. Yeye zilimuumiza maisha. Alifiwa na mume mama yangu akiwa bado mgongoni, akarudi Bongwe na jembe, sufuria na mkeka. Nyayo zake zilikuwa na nyufa ambazo alizijaza nta ya nyuki ili aweze kutembea. Akishikwa na homa alijifunga leso kichwani, akalima akiwa ameketi. Jioni tulikula muhogo na mboga ya kunde, na samaki tulimwona kama mgeni wa mbali. Sikupata kumsikia akilalamika, ila aliwatukana nguruwe mwitu kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Shamba lile halikuwa lake. Mimi sikujua, na kutojua kwangu ndiko kulikotaka kutuangamiza. Nilikulia kwa baba yangu kule Jego, na niliposikia Wawe amelima mahali pamoja zaidi ya miaka ishirini, nikadhani ni pake. Kumbe palikuwa pa Bwana Athumani, aliyempa mahali pa kulima mbele ya mzee wa mtaa kwa sharti moja: apande mahindi, kunde, muhogo na mpunga, asipande mti wa kudumu. Kwetu pwani ardhi ni mali na mti ni mali nyingine. Mtu akipanda mnazi katika ardhi yako na ukanyamaza, mnazi ni wake, na kwa mnazi huo kesho atadai na ardhi. Kwa hivyo mwenye kukaribishwa akipanda mnazi, amevunja ukaribisho, na siku hiyo hiyo anaweza kuambiwa afungashe.

Baadaye nilipata kazi katika shamba kubwa la minazi karibu na Msambweni. Mkubwa wangu wa pili alikuwa Nyapara wa kitalu. Kitalu ni mahali pa kuoteshea miche kabla ya kuihamisha. Siku ya kwanza alinikuta nimesimamisha nazi na kuifukia yote.

"Wewe! Wapanda nazi au wazika maiti? Nazi ni mtoto mchanga. Mlaze ubavu, mgongo uwe nje, apumue!"

Alikuwa mkali, lakini alijua. Alinifundisha kwamba nazi ya mbegu haiangushwi kutoka juu, hushushwa kwa kamba isije ikapasuka ndani. Waitikisa karibu na sikio; usiposikia maji, iweke kando, haitaota. Alinifundisha pia kumtafuta chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa kilele, na kumchokoa kwa waya. Mwaka haukuisha, Nyapara akawa anakaa kivulini na kitalu nakiendesha mimi.

Nilipoomba ruhusa ya kwenda kumwona Wawe, alinipa miche tisa ya ziada.

"Chukua. Ukampandie bibi yako, ajue hukuja huku kucheza bao."

Nikapanda lori la mbata, zile nazi zilizokaushwa, mpaka Ukunda, na kutoka hapo nikaibeba miche begani kwa miguu. Wawe sikumkuta, alikuwa amekwenda Jego kwenye matanga. Nikaona bora zaidi, arudi akute zawadi. Nilichimba mashimo ya kina cha goti, nikatia majivu na chumvi kidogo, nikaacha hatua kumi kati ya mche na mche, nikauzungushia kila mmoja miiba kwa ajili ya mbuzi. Waliopita wakasifu. Wallahi nilijiona bwana.

Siku ya tatu Wawe akatokea, furushi kichwani. Akaitazama ile safu. Furushi hakulitua.

"Nani?"

"Mimi, mke wangu! Siku moja utakunywa madafu yako mwenyewe."

"Umenifukuza," akasema taratibu. "Ukame haukunifukuza, nguruwe hawakunifukuza. Umenifukuza wewe, mume wangu."

Ndipo aliponieleza lile sharti, akiwa bado amesimama, na kila neno lilinishusha. Nikaurukia mche wa kwanza niung'oe. Akanipiga mkono.

"Mnazi uliokwisha kupandwa waung'oa? Wataka na laana juu yake? Na mashimo tisa utayafunika na nini? Watu wameshaona. Vaa kanzu yako twende kwa mwenyewe, kabla hajaja yeye."

Tulimkuta Bwana Athumani nyuma ya nyumba akifua nazi kwenye kifuo, ule mti uliochongwa ncha na kusimikwa chini. Mzee wa mtaa alikuwa ameketi karibu, amekuja kuomba makuti. Nikawapa shikamoo wote wawili. Mzee wa mtaa aliitikia. Bwana Athumani aliendelea kufua.

"Nimesikia," akasema. "Naambiwa Mwanatumu ana minazi siku hizi."

"Waliokwambia wamekosea," akasema Wawe. Sauti ilikuwa imara, lakini mkono wake ulikuwa ukifunga na kufungua fundo kwenye ncha ya leso. "Minazi unayo wewe. Kijana huyu amejifunza kazi Msambweni, akapanda bila kuniuliza. Kosa ni la nyumba yangu, silikatai. Ile tisa ni yako. Maji tutatia sisi, mbuzi tutafukuza sisi, na siku ikizaa, nazi zaja hapa kwenye kifuo chako."

Bwana Athumani akaiweka nazi chini.

"Maneno yako nayaamini, Mwanatumu. Lakini wewe na mimi tutakufa, huyu atabaki. Kesho atasimama aseme, mkono uliopanda ni wangu."

"Basi aseme mwenyewe," akasema mzee wa mtaa.

Wote watatu wakanigeukia. Nanyi mnanijua, mimi si mtu wa kukosa maneno. Minazi ile ilikuwa ya kwanza kuipanda kwa akili yangu, na ilikuwa imekaa vizuri kuliko yoyote niliyoiona Bongwe. Koo lilitaka kusema hivyo. Lakini niliutazama ule mkono na ile leso, nikajua kwamba neno moja la majivuno lingemlaza Wawe barabarani na mkeka wake.

"Bwana Athumani," nikasema, "mzee wa mtaa ni shahidi. Minazi ile si yangu, si ya Wawe, wala haitakuwa ya mtoto wangu. Nimepanda mimi, mti ni wako."

"Rudia," akasema mzee wa mtaa.

Nikarudia.

Bwana Athumani alikwangua kumbi la nazi kwa ukucha. Kisha akauliza: "Umechimba kina gani?"

"Cha goti."

"Umetia nini?"

"Majivu na chumvi."

"Na kati ya mche na mche?"

"Hatua kumi."

"Kumi!" Akamgeukia mzee wa mtaa. "Mimi nimetia sita maisha yangu yote, ndiyo maana minazi yangu yapigana vichwa." Akacheka. "Mwanatumu, rudi ukalime. Sharti ni lile lile. Na huyu bwana mkubwa wako aje kesho, anitengenezee kitalu."

Tulipofika kisimani Wawe akakaa juu ya jiwe, akavuta pumzi, akasema, "Alhamdulillahi," kisha akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Leo umesema maneno machache kuliko siku zote tangu unioe," akasema, "na ndiyo pekee yaliyokuwa na maana."

Kitalu kile ndicho kilichonifungulia njia. Wa pili akaniita, na wa tatu, mpaka wenye mashamba wakawa wananitafuta kutoka Diani hadi Jego, nami nikanunua ardhi yangu, nikapanda yangu, hatua kumi kumi, bila kumwomba mtu.

Sasa nimewaachia wanangu kitalu, na rafiki zangu waniuliza kama siumii kukaa. Siumii. Kuacha kazi nako nilifundishwa na Wawe. Mwaka ambao magoti yake yalikataa kukunjika, alivaa leso yake mpya, tukaenda tena kwa Bwana Athumani.

"Nimekuja kukurudishia shamba lako," akamwambia.

Bwana Athumani akashtuka. "Nani amekuudhi?"

"Hakuna. Naondoka kwa miguu yangu mwenyewe, na ghala nimeliacha limejaa. Chukua mpunga kiasi upendacho."

Jioni ile nilimleta nyumbani kwangu. Kesho yake, mtu ambaye hakupata kulala baada ya adhana ya alfajiri alisali, akarudi kitandani. Jua likaingia mlangoni, likapanda ukutani. Mke wangu wa ndoa akanituma nikamtazame kama yu mzima. Wawe akafumbua jicho moja.

"Saa ngapi?"

"Saa tatu, Wawe."

Akaitazama nuru ile pale ukutani, akageukia ubavu wa pili, akalala tena.