Maharagwe Juu ya Spika

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya gauni. Karakana ilikuwa Nairobi, upande wa viwandani, na kazi yetu ilikuwa kutengeneza amplifaya, zile mashine zinazochukua sauti ndogo ya gita au maikrofoni na kuikuza. Nilikuwa nimetoka Kakamega na cheti changu cha umeme na gauni jipya ambalo mama alinishonea kwa ajili ya kazi. Fundi Mkuu, mzee mfupi asiyependa maneno mengi, alinikuta nimeinama juu ya mashine iliyofunguliwa.

"Binti, mkono wako wa kushoto uko wapi?"

"Uko hapa, mzee."

"Mahali pake ni mfukoni. Uko na mfuko?"

Gauni lile halikuwa na mfuko.

"Basi enda nyumbani. Ukipata mfuko, rudi."

Nililia njia nzima nikidhani hataki mwanamke karakanani. Kumbe alikuwa ananitakia maisha. Amplifaya za wakati ule zilitumia valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka nyekundu kama makaa, na ndani ya mashine stima hubaki hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Ukigusa kwa mikono miwili, stima inapita kifuani, na hapo watu wanaanza kuchanga za mazishi. Ukigusa kwa mkono mmoja, unarushwa, unatukana kidogo, unaendelea na kazi. Jioni ile nilishona mfuko, na tangu hapo sijawahi kuvaa gauni lisilo na mfuko wa kushoto. Mafundi cherehani wa Kitengela, ninakoishi sasa, wamenizoea.

Jambo lingine alilonifundisha Fundi Mkuu ni maharagwe. Mteja akija na amplifaya mbili zinazofanana, asijue achukue ipi, mzee hakumruhusu kusema neno mpaka maharagwe yatoke. Aliweka kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia juu ya spika, akatia humo punje chache za maharagwe makavu, kisha akapandisha sauti polepole mpaka zianze kucheza. Halafu alizima, akahamishia spika ile ile kwenye amplifaya ya pili, akapandisha mpaka punje zicheze vile vile.

"Sasa ndio tunaweza kuongea," alisema. "Masikio ni kama mgeni mwenye njaa. Ukimpa sahani mbili, atasema tamu ni ile iliyojaa."

Na mteja akianza kusifu mashine inavyonguruma, mzee alimkata: "Usiniambie inavyolia. Niambie inavyonyamaza."

Baadaye nilipata kazi ya serikali, nikahamishiwa Kajiado kutunza vipaza sauti vya mikutano ya hadhara. Mkubwa wangu, Afisa wa Habari, alikuwa mtu mwema lakini sauti haikumtosha hata siku moja.

"Mama Fundi, nataka nisikike mpaka Oltepesi."

"Bwana Afisa, watu wa Oltepesi hawajaalikwa."

"Ongeza tu."

Nikaongeza. Miaka yote hiyo nilisimama kando ya vipaza sauti bila kitu masikioni, maana nani alikuwa anajua kuwa kelele huua masikio? Nilipotoka serikalini nilifungua duka langu Kitengela, wakati makanisa yalikuwa yanaota kila kona, kila moja na kinanda na spika zake. Valvu zilikuwa zimesahaulika. Halafu vijana wa muziki wa roki, wale wa gita linalokwaruza kama mabati yanayoburutwa, wakaanza kuzitafuta tena. Walitaka amplifaya za geini kubwa, yaani zinazolisonga gita mpaka lingurume lenyewe. Nilicheka sana siku ya kwanza. Nilidhani nimewazika wale wazee wa kioo, na hawa hapa wamefufuka.

Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kufa kidogo. Kwanza nilipoteza ndege wa asubuhi, kisha mluzi wa birika. Daktari alinipima akasema sauti nyembamba zimeondoka na hazirudi. Nilifunga duka, na watu wakajua nimestaafu tu. Sikumwambia mtu. Fundi wa sauti asiyesikia ni sawa na mpishi asiyeonja, na niliona aibu, wacha niseme ukweli.

Ndipo akaja Naserian. Ni binti wa Kajiado anayepiga gita kwenye bendi ya roki, na amplifaya yake nilikuwa nimeitengeneza mara nyingi mpaka ikaungua kabisa. Alifika kwangu na mpiga ngoma wao, Mutua, wakiwa wamebeba vichwa viwili vya amplifaya za valvu, yaani mashine zenyewe bila spika, na spika moja.

"Takwenya, Naserian," nilimsalimu.

"Iko, Koko," akaitikia. Koko ni nyanya kwa Kimaasai, na ananiita hivyo ingawa mimi ni Mluhya. "Hizi ni za anko wangu, yule ajenti wa mizigo Namanga. Amesema nichague moja, ingine abaki nayo. Lakini nikishachagua, hataki kuniona tena na hiyo story. Na Jumamosi tuko na show Kajiado. Tafadhali, nisaidie na hayo masikio yako."

Masikio yangu. Nikikosea, binti huyu angebaki na mashine mbaya kwa sababu yangu, na angekuwa ameniamini.

Mashine zile zilikuwa ndugu wa tumbo moja, moja nyekundu na moja nyeusi, valvu zile zile na vitufe vile vile. Alipiga nyekundu, kisha nyeusi. Mutua hakungoja.

"Nyekundu. Hiyo ndio iko na moto."

Nilitoa kifuniko cha mkebe na maharagwe. Mutua alinitazama kana kwamba nimeanza kupika. Nilisawazisha sauti kwa nyekundu, nikazima, nikahamisha waya wa spika, maana valvu haziwashwi bila spika, transfoma inaungua, kisha nikasawazisha nyeusi. Nikamwambia Naserian ageukie ukuta asione ipi inalia. Alipiga. Nikabadilisha. Akapiga tena.

Sikusikia tofauti yoyote. Nilirudia, nikafumba macho, nikakaza shingo. Hakuna.

Niliketi kwenye kigoda. "Naserian, mwanangu, masikio yangu yamekwisha. Hizi mbili naona ni kitu kimoja."

Aligeuka. Nilingoja anionee huruma, na hiyo ndiyo niliyokuwa naogopa kuliko kitu chochote.

"Koko, hata mimi nasikia kitu kimoja," akasema. "Nilikuwa naogopa kukuambia, utasema sijui muziki."

Sote wawili tukamtazama Mutua. Akakuna kichwa. "Mimi nilikuwa nasikia tofauti kabla ya hayo maharagwe."

Nilicheka mpaka nikatafuta leso. Sijui kama mnaelewa. Nilikuwa nimebeba jiwe lile kifuani tangu siku ya daktari, na binti mwenye masikio mazima amelitua kwa neno moja.

"Sasa piga kwa nguvu, halafu zuia nyuzi ghafla," nikamwambia.

Alipiga nyeusi, akazuia. Maharagwe yalilala. Alipiga nyekundu, akazuia, na punje ziliendelea kutetemeka kifunikoni. Niliingiza mkono wa kushoto mfukoni, nikagonga valvu za nyekundu moja moja kwa mpini wa mwiko. Kwa ile ya tatu, maharagwe yaliruka.

"Hii valvu imechoka, haijui kunyamaza," nikasema. "Mwambie anko wako atafute ingine, zitakuwa pacha tena. Lakini hapa kwetu kupata valvu si leo wala kesho, na wewe uko na Jumamosi. Chukua nyeusi."

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii, siku hizi nikiongea na watu nawaambia wapaze sauti, na hakuna aliyeanguka kwa kushangaa. Kustaafu kumekuwa kutamu zaidi tangu niache kujificha.

Jumamosi hiyo nilikwenda Kajiado, nikaketi mbele na wazazi wa Naserian. Sauti nyembamba zilinipita, najua. Zile nene nilizipokea kwa miguu na kwa kiti. Kisha katikati ya wimbo wa mwisho bendi yote ilikata kwa pamoja, Naserian akabana nyuzi kwa kiganja, na ile nyeusi ikanyamaza papo hapo. Kimya kile nilikisikia chote, sawa na mtu mwingine yeyote uwanjani.