Kikohozi cha Mzee wa Ramani

Wifi yangu Kedresi Kyarikunda hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa kuambiwa. Siku mwenyekiti wa wapagazi alipopita nyumba kwa nyumba hapa Nyakashozi akitangaza kwamba msitu umefunguliwa na wageni wanarudi, Kedresi aliendelea kupalilia viazi vyake bila kuinua kichwa.

"Umewaona?" alimuuliza.

"Nani?"

"Hao wageni."

"Bado. Lakini simu imepigwa kutoka Kampala."

"Basi ukiwaona niite. Simu hata mimi napiga."

Kabla ya korona, Kedresi alikuwa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kubeba mizigo ya watalii wanaopanda Bwindi kuwatazama gorila. Wanaume walimcheka, wakamwambia mgongo wa mwanamke ni wa kubebea watoto. Siku moja alimvuta Mzungu mnene kuliko mlango kutoka bondeni hadi kileleni, mkono mmoja umemshika mgeni na begi liko begani, huku yule mwanamume aliyemcheka kuliko wote ameketi chini anahema. Baada ya hapo wageni wakawa wanamwulizia kwa jina. Kwa kazi hiyo aliezeka nyumba kwa mabati, akasomesha binti zake wawili, akamnunulia mumewe, yaani kaka yangu Bagambaki, baiskeli ya kupelekea viazi sokoni.

Kisha nchi ikafungwa. Kwa karibu mwaka mzima hakuna gari la watalii lililopanda kilima chetu. Hoteli ndogo za kando ya barabara zikafunga milango, na moja ikawa zizi la mbuzi. Waliokuwa wapishi na madereva walirudi kushika jembe, tena kwenye mashamba madogo ambayo tayari yalikuwa yanalimwa na ndugu zao.

Kaka yangu alianza kutoka alfajiri, akisema anatafuta asali. Asali hatukuiona, ila chungu kilianza kunukia nyama.

"Nyama ya nini hii?" Kedresi aliuliza.

"Ya mbuzi. Nimepewa na mtu."

Kedresi alikula. Mimi pia nilikula, siwezi kusema sikula. Baada ya wiki mbili askari wa hifadhi wakaleta habari kwamba gorila mchanga amekatika vidole kwenye mtego wa waya, na waya wenyewe ulikuwa wa breki ya baiskeli. Kedresi alisikiliza, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kwenye baiskeli. Breki ya mbele haikuwa na waya. Bagambaki aliapa kwamba ulikatika akiteremka mlima, akautupa. Inawezekana. Mpaka leo sijui, na Kedresi naye hajui. Lakini hakwenda kumwambia askari yeyote, na nadhani hilo la kunyamaza lilimuuma kuliko nyama. Tangu siku hiyo kila aliyepita na gunia, Kedresi alimtazama mara mbili, na mumewe mara tatu.

Wageni wa kwanza kuja hawakuwa Wazungu. Ndege zilikuwa chache, mipaka inafunguliwa leo na kesho haieleweki, basi ada ya kuingia msituni ikapunguzwa kwa wananchi. Wakaja vijana wanne wa Kampala waliopiga picha hata kuku wetu, mwalimu mmoja na mkewe kutoka Mbarara, na mzee wa peke yake aliyeshuka kwenye bodaboda na begi lililofungwa kwa kamba. Mzee huyo aliitwa Okiror, mtu wa Soroti, upande wa pili kabisa wa nchi. Kiganda chake kilikuwa cha kuokoteza kama chetu, tukaelewana hivyo hivyo. Kwa kuwa hoteli za bei yake zilikuwa bado zimefungwa, nilimpa chumba kwangu.

Hakuwa na kamera. Alikuwa na daftari, na jioni ile alizunguka akiuliza majina ya vilima na kuyaandika. Kabla giza halijaingia kijiji kizima kilikuwa kimeshamjadili. Wengine walisema ni mpima ardhi, tunakuja kuhamishwa. Wengine wakasema ametumwa kuchunguza nani aliwinda wakati wa korona. Niliona kaka yangu akikatiza uani kwa haraka, akaingia ndani na asitoke tena.

"Mtu asafiri siku mbili bila kamera, eti anakuja kutazama gorila kwa macho tu?" Kedresi aliniambia. "Wifi, funga sanduku lako."

"Ni mzee tu, Kedresi."

"Wazee hawaibi?"

Sanduku nililifunga. Lakini kilichoninyima usingizi ni kikohozi. Nilimsikia upande wa pili wa ukuta, anakohoa kwa kujibana, kama mtu aliyejifunika mto mdomoni. Asubuhi nilimchemshia tangawizi.

"Ni vumbi la njiani, nyabo," alisema, yaani mama kwa Kiganda, akipokea kikombe kwa mikono miwili.

Nilitaka kuamini, kwa hiyo niliamini. Mnajua gorila huambukizwa magonjwa yetu. Mafua ya mtu yanaweza kumaliza familia nzima ya wanyama wale. Sisi wapagazi, maana mimi pia nilimfuata Kedresi kwenye kazi hiyo, tumefundishwa hilo mpaka masikio yakachoka. Lakini alikuwa mgeni wangu wa kwanza tangu nchi ifungwe, na wapagazi kumi na tisa walikuwa wameamka wakapiga buti zao rangi.

Kwenye kibanda cha kukusanyikia kila mgeni alivaa barakoa, akanawa mikono, akapimwa joto la paji la uso. Kedresi alinisogelea.

"Umemwona mzee wako? Kajimwagia maji ya tangi kichwani kabla ya kupimwa."

"Labda kaona joto."

"Kwa ukungu huu? Wewe mwenyewe umevaa sweta mbili."

Kipimo kilisema mzee yuko sawa. Kedresi aliomba begi lake, ingawa zamu yake ilikuwa ya kubebea vijana wa Kampala. Mimi nilichukua la mke wa mwalimu, tukapanda.

Saa mbili za kwanza sikusikia kitu. Kedresi alimfuata mzee kwa karibu kabisa, kama askari na mfungwa. Kwenye mteremko wa matope alimshika mkono, na mimi niliyekuwa nyuma yao nikawasikia.

"Mzee, mbona unanong'ona?"

"Nahifadhi pumzi, mama."

"Ya kufanyia nini?"

"Ya kufika."

"Na mkono wako mbona unachoma hivi?"

Mzee aliuvuta mkono wake. Hatua chache mbele alivua kofia, akajifunika nayo uso, mabega yakamtikisika. Alipoirudisha kichwani macho yake yalikuwa mekundu. Alimtazama Kedresi, Kedresi akamtazama, wakaendelea kupanda.

Redio ya mkononi ikalia mbele yetu. Wafuatiliaji waliotangulia tangu alfajiri walisema gorila wamepumzika ng'ambo ya kijito, dakika ishirini tu. Mwongozaji wetu, Turyasingura, akasimamisha msafara. Hapo ndipo wapagazi hubaki, wageni huendelea na waongozaji. Vijana wa Kampala walianza kushangilia kwa sauti ya chini. Kedresi aliweka begi la mzee chini, akalikalia.

"Huyu haendi," alisema.

"Nani haendi?" Turyasingura aliuliza.

"Mgeni wangu. Anaumwa. Ana joto na anakohoa."

"Nimempima mwenyewe."

"Umempima maji ya tangi."

Mpagazi mmoja, Katarikawe, akaruka juu. "Kedresi, una wazimu? Mtu kalipa, kapanda, amebakiza dakika ishirini! Akirudi kwao akasema tumemfukuza, kesho atakuja nani? Wewe unataka turudi kula viazi?"

"Viazi nimevila, sijafa."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaongeza langu. "Wifi, tangu lini mpagazi akawa daktari? Nyamaza, watu wafanye kazi."

Kedresi aligeuka akanitazama. Alimwelekea mzee.

"Mzee, naweza kuwa mwongo. Niambie basi mbele ya hawa kwamba mimi ni mwongo, nami nitaondoka juu ya begi lako."

Okiror aligeuza uso. Nilimwona akitazama kule kijitoni, majani yalikokuwa yanatikisika.

"Leo siku ya tatu," alisema mwishowe. "Nilidhani itaisha njiani."

Turyasingura alishusha pumzi. Alimwambia kwa heshima kwamba atabaki, na kwamba akipona ataombewa tarehe nyingine. Mzee aliitikia kwa kichwa tu. Wengine walibadilisha barakoa wakaondoka, nasi wapagazi tukabaki na askari mmoja. Katarikawe na wenzake wakaenda kukaa mbali, wakitupa maneno. "Daktari Kedresi! Nami nipime mgongo!"

Mzee aliketi kwenye gogo. Kedresi hakutoka juu ya begi. Nadhani aliogopa mzee angelichukua na kuwafuata wenzake.

"Nani amekutuma kuandika vilima vyetu?" alimuuliza.

"Hakuna. Nimestaafu."

"Mtu aliyestaafu haandiki."

Ndipo mzee akaeleza. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi ya kuchora ramani, akiwa ameinama juu ya meza, na karatasi aliyopewa tangu ujana wake ilikuwa ya kona hii ya nchi. Kila mkunjo wa kilima aliuchora kwa mkono. Hajawahi kufika. Alipostaafu alijiahidi kuja, lakini ada ilikuwa ya Wazungu. Iliposhushwa aliuza ng'ombe, akapanda basi.

"Kijito kile," alionyesha kwa kidole, "si ndicho Nyamizi?"

"Nyamizi iko nyuma ya kilima kile. Hiki ni Kacerere."

"Nimekiandika Nyamizi miaka yote."

"Basi umeandika uongo miaka yote."

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika tena, safari hii hakukificha. Kedresi akapandisha barakoa na kusogea nyuma hatua nne, na begi analo.

Kituo cha afya kilimpima jioni ile. Hakuwa na korona. Ilikuwa homa ya mafua, ile ya kawaida, wakampa dawa, akalala kwangu siku mbili kisha akarudi Soroti. Habari ya mafua ikapasua kijiji. "Mafua! Katufukuzia mgeni kwa mafua!" Hakuna aliyetaka kusikia kwamba mafua hayo hayo ndiyo tuliyokatazwa kuyapeleka msituni. Chama cha wapagazi kilimwondoa Kedresi kwenye zamu. Ukazuka uvumi kwamba amehongwa na watu wa upande mwingine wa msitu ili wageni watukimbie. Na bahati mbaya, mwezi uliofuata ugonjwa ulipanda tena, safari zikazuiwa, barabara ikawa tupu. Wakamtwika Kedresi na hilo.

Alikuja kwangu mchana mmoja, tukawa tunamenya viazi. Hakuwa ameniongelesha tangu siku ile.

"Mzee alilala kwako," alisema bila kunitazama. "Ukuta wako ni wa udongo."

"Ndiyo."

"Hukumsikia?"

Ningeweza kudanganya, maana hapakuwa na shahidi. "Nilimsikia," nikasema. "Nilimpa tangawizi."

Kisu chake kilisimama. "Nilijua. Nilitaka tu kuona kama utasema." Akaendelea kumenya. Baadaye aliongeza, "Mimi pia niliwahi kunyamaza. Usidhani nakuhukumu." Lakini nadhani alinihukumu kidogo, na alikuwa na haki.

Kiangazi cha mwaka uliofuata safari zilifunguliwa sawasawa, na Okiror akarudi. Turyasingura alikuwa ametimiza ahadi ya tarehe. Mzee aliposhuka kwenye bodaboda hakuuliza chumba, aliuliza yule mama yuko wapi. Tukaenda naye shambani. Alitaka Kedresi ndiye abebe begi lake, na Turyasingura akasema mgeni akimtaja mpagazi, chama hakina la kusema.

"Begi nitabeba," Kedresi alisema. "Geuka kwanza."

"Nigeuke?"

"Geuka." Akaweka sikio mgongoni mwake, palepale katikati ya matuta. "Kohoa."

"Sina cha kukohoa, mama."

"Jaribu. Haya, sasa panda mpaka pale kwenye mwerezi, urudi mbio."

Mzee wa miaka sitini na minane alipanda, akarudi anatweta, anacheka, watoto wa shule wamejaa kwenye ua wanamtazama. Kedresi alimsikiliza tena kabla ya kukubali, na hata hivyo asubuhi alisimama kati yake na tangi la maji.

Safari hii mzee alikwenda na wenzake. Aliporudi kwetu wapagazi, suruali ilikuwa tope mpaka kiunoni. Akaketi chini.

"Umewaona kweli?" Kedresi aliuliza.

"Nimewaona."

"Wangapi?"

"Sikuhesabu."

"Mtu wa ramani hakuhesabu?"

Mzee akajifuta macho kwa barakoa. Kedresi akamnyooshea chupa ya obushera, uji wetu wa mtama, akamwambia anywe, njia ya kurudi ni ndefu.

Chama kilimrudisha kwenye zamu bila kumwomba radhi. Siku hizi Turyasingura humsimamisha kwenye beseni la kunawia, na hakuna mgeni anayepita bila kutazamwa usoni, shingoni na viganjani. Wapo wanaochukia. Juzi mwanamke mmoja wa Ubelgiji alipiga chafya kwa sababu ya vumbi, akawekwa kando mpaka daktari alipopatikana, akafoka kwa lugha ambayo hatukuielewa. Alionekana mzima, akapandishwa na kundi la mwisho. Magari yanakuja, asubuhi nyingine matano, wiki nyingine hakuna hata moja. Mimi nimejenga chumba cha pili, na safari hii ukuta nimeujenga kwa matofali mabichi, kwa kuwa ya kuchoma yamepanda bei, na mgeni akikohoa bado nitamsikia.