Neva ya Shavu la Kushoto

Tulitoka Timau kwa sababu mke wangu, Mama Njoki, alikuwa ameacha kula. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, nami niliendesha trekta kwenye shamba la ngano. Kwa miaka minne maumivu yalikuwa yakimpiga shavu la kushoto kama umeme. Upepo ukimgusa tu, alipiga yowe. Aling'olewa meno matano mazima, bure. Siku nilipomkuta ghalani ameshika kamba, asiniambie ya nini, niliomba ruhusa kazini nimpeleke hospitali ya Nyeri, kwa daktari tuliyeambiwa hukata neva inayouma.

Alfajiri lori la ngano lilitufikisha Nanyuki, yeye akiwa amejifunika blanketi usoni. Hapo tukapanda treni hadi Kiganjo. Humo mchuuzi mmoja wa ng'ombe alimkaribisha mke wangu chai. Mke wangu akatikisa kichwa, hata kumeza kulimuuma.

Nyeri tulifika jioni, tukalala kwa dada yangu Wangeci.

"Ati watakata nini?" aliniuliza.

"Neva."

"Na wakikata ingine?"



Asubuhi hospitalini, daktari mpasuaji alimgusa shavu kwa pamba. Mama Njoki akaruka kitini.

"Mama, nikikata neva hii, maumivu yanaweza kuisha. Lakini hapa mpaka mdomoni patakufa ganzi, na siwezi kuirudisha. Wengine huumwa tena baadaye."

Nikasema turudi nyumbani kwanza, tufikirie.

"Nyumbani ni wapi, Baba Njoki?" mke wangu akasema. "Mimi nakaa ndani ya hii shavu. Kata, daktari."

Siku ya nne baada ya upasuaji aliomba uji. Aliumaliza wote, nami nikageukia dirisha nisionekane nikilia. Nilipomtazama tena, mdomo wake ulikuwa umebabuka. Uji ulikuwa wa moto sana, na hakuwa amejua.

Safari ya kurudi alikaa dirishani, upepo ukimpiga usoni mpaka Nanyuki.

Nyumbani Timau, binti yetu Njoki, wa miaka mitano, alimpandia mapajani. Tangu akiwa mchanga alikatazwa kugusa shavu lile. Sasa akaliwekea kiganja.

"Mama, inauma?"

"Haiumi."

"Unasikia mkono yangu?"

Mama Njoki akainamisha macho, akatafuta mkono ulipo, ndipo akajibu, "Nasikia."

Hapo nikaelewa kile tulichokiacha Nyeri.