Sauti ya Mama Mkwe katika Kompyuta Mbili

Miaka ile tuliyokaa Kilburn, London, mimi na aliyekuwa mume wangu tulikuwa na kompyuta mbili katika chumba kimoja, na hazikuwa zikisikilizana. Yake ilikuwa ya Windows, kubwa, nyeusi, aliyoinunua kwa ajili ya kazi yake ya uhasibu. Yangu ilikuwa Mac. Nilikuwa nafanya kazi Kingsbury, katika duka dogo la kuchapa kadi za arusi, kwa Muhindi mmoja mzaliwa wa Mwanza, na pale mashine zote zilikuwa Mac. Tajiri wangu alipoleta mpya, akanipa moja katika zile kuukuu nende nayo nyumbani. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha bara kwamba bado ina uhai, na kweli ilikuwa nao.

Taabu ilikuwa muziki. Mume wangu alipenda nyimbo, mimi pia, lakini alichokihifadhi yeye kwenye mashine yake mara nyingi hakikufunguka kwangu, na changu hakikufunguka kwake. Mwenzangu mmoja wa kazini ndiye aliyeniletea programu ya bure ya kupigia muziki ambayo ilikubali kote kuwili. Tukaiweka kwake na kwangu. Jina lilikuwa moja, alama moja, lakini tabia mbili. Kwake menyu zilikuwa ndani ya dirisha lenyewe. Kwangu zilikaa juu kabisa ya kioo. Kwake ukibonyeza ule msalaba wa pembeni, dirisha limefungwa na wimbo umekatika. Kwangu ukibonyeza kidude chekundu dirisha linaondoka, wimbo unaendelea kama kawaida. Siku ya mwanzo aliyojaribu Mac yangu alifunga dirisha, muziki ukabaki, akageuka kuniuliza nani basi anayeimba. Tulicheka. Wakati ule tulikuwa tukicheka bado.

Mama yake alikaa Walthamstow, karibu na soko, katika nyumba aliyopanga tangu walipofika Uingereza. Alikuwa Mpemba wa Wete, mwembamba, mwenye sauti nzito isiyofanana na mwili. Ujana wake alikuwa akiimba arusini pamoja na wanawake wenzake, na katika vitu vichache walivyotoka navyo kwao, yeye alitoka na kanda zake. Zilikuwa zimeanza kuharibika. Nyengine zilivuta sauti, nyengine zilikuwa zimeliwa na redio. Mume wangu akasema tuziingize kwenye kompyuta kabla hazijafa.

Ikawa kazi yetu ya Jumapili. Mama anakuja na kanda zake amezifunga ndani ya kanga, tunamkaribisha, anakunywa chai, kisha mume wangu anaweka maikrofoni mbele ya redio, maana waya wa kuunganisha hatukuwa nao. Kanda lazima ipigwe yote, mwanzo hadi mwisho, na chumba kinyamaze. Chumba chenyewe kilikuwa hakinyamazi. Mabasi yalikuwa yakipita chini ya dirisha, jirani wa juu alikuwa na watoto, na mama naye hakuweza kujizuia. Wimbo ukianza tu atasema huyu anayepokea ni fulani, alikufa na uzazi, na huyu wa pili ni dada yake. Mume wangu alikuwa akimwashiria kwa kidole mdomoni, naye hutikisa kichwa kukubali, kisha husema tena.

Tulizimaliza zote. Mume wangu aliziweka kwenye diski ya nje, akatengeneza orodha ya kuzipiga kwa mpango, na mama akapelekewa diski yake pamoja na kompyuta ndogo ya Windows. Nilimfundisha mwenyewe namna ya kufungua. Alishika haraka.

Baada ya hapo ndoa yetu ikaisha. Sina kisa kikubwa cha kueleza. Hatukupata mtoto, maneno yakapungua, na siku moja mchana, nikiwa nakunja nguo zilizokauka, akaniambia ameona bora tuachane. Alisema kwa upole. Nakumbuka nilimaliza kukunja, nikaweka zake upande wake na zangu upande wangu. Sikulia siku ile, na sikulia siku nyengine yoyote katika eda yangu. Mama mkwe alinipigia simu mara kadhaa. Nilimjibu kwa heshima na kwa ufupi, mpaka akaacha.

Nikahamia chumba cha kupanga Kingsbury, karibu na kazini, juu ya duka la Wagujarati la viungo. Watu walidhani nina huzuni, wakawa wananisemesha kwa sauti ndogo. Huzuni ningeijua. Hii ilikuwa ganzi, kama mkono ulioulalia, unauona kuwa ni wako lakini huupati. Nilichapa kadi za arusi za watu mchana kutwa, nikipanga majina ya bibi na bwana arusi kwa maua ya dhahabu, na halikuniuma hata jina moja. Ile Mac ilikufa, nikaitoa, nikanunua laptopu ya Windows kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo dukani. Programu ile ya muziki niliiweka, kwa mazoea tu. Sikuwa na nyimbo za kutia ndani yake.

Nilisikia kuwa ameoa. Nikasikia tena kuwa amepata kazi Maskati, anakwenda na kurudi, na mkewe amehamia Walthamstow kumwangalia mama, aliyepigwa na kiharusi. Habari zote hizi nilizipata kwa mama mmoja wa Kizanzibari niliyekutana naye kwenye basi. Nilimshukuru, nikateremka kituo changu.

Simu ilikuja Jumamosi moja asubuhi. Mwanamke alijitaja kuwa ni mke wa fulani, akanyamaza kidogo kunipa nafasi ya kukata. Sikukata. Alikuwa amezaliwa London. Kiswahili alikuwa akikifahamu vizuri lakini maneno yake yalikuja zaidi kwa Kiingereza, na mimi nilimjibu kwa Kiswahili, tukaenda hivyo mpaka mwisho. Aliniomba radhi kwanza. Akasema nambari yangu ameitoa kwenye simu ya mama bila ya kumuuliza mtu.

Shida yake ilikuwa hii. Mama hawezi tena kusema ila maneno mawili matatu, na kwa siku nyingi amekuwa akisema kanda, kanda. Yeye alidhani anataka kanda za Kurani, akampigia, mama akageuza uso ukutani. Baadaye akaikuta ile diski kwenye mtoto wa meza. Kompyuta ya mama ilikuwa imeharibika zamani, kwa hiyo ameichomeka kwenye yake, ambayo ni Mac. Programu ile ile ya muziki anayo, nyimbo anaziona, majina yote yamo kwa mpango, lakini kila anapobonyeza hakuna unaolia. Mumewe yuko Maskati kazini na hapokei simu.

"Niliwahi kuambiwa wewe ndiye uliyemfundisha mama," alisema.

Niliwasha laptopu yangu ili nione kinachofanana na anachokiona. Havikufanana, bila shaka, mimi nilikuwa na Windows na yeye Mac, lakini zote mbili nilizijua. Nilikaa kitandani nikifumba macho, nikaiona Mac yangu ya Kilburn. Nilimweleza kwamba ile orodha ilitengenezwa kwenye Windows, na Windows huziita diski kwa herufi, na orodha inakwenda kuzitafuta nyimbo kwenye herufi hiyo. Kwenye Mac herufi hizo hazipo. Nyimbo ziko salama, ila orodha imepotea njia.

"Iache hiyo orodha," nilimwambia. "Fungua diski yenyewe. Utaona folda imeandikwa Mama. Ivute, uiangushe juu ya dirisha la programu."

Alisema hazioni menyu. Nikamwambia atazame juu kabisa ya kioo. Akasema ameona. Kisha nikasikia kelele ya kanda inayoanza, ile sauti ya mvua isiyonyesha, na baada yake ngoma, na wanawake, na mama mkwe wangu akiwa msichana anaimba.

Nilikuwa najua kuwa nitausikia wimbo. Nilichokuwa nimekisahau ni chumba. Nilisikia basi likipita Kilburn. Nilisikia mama akitaja jina la mwenzake aliyekufa na uzazi, na mlango ukifunguka, na mwanamke akicheka huko nyuma, cheko fupi la mtu aliyeshika kitu mikononi. Ilinichukua muda kutambua kuwa ni mimi. Nilimsikiliza kama unavyomsikiliza mtu wa nyumba ya pili. Alionekana hana neno na dunia.

Yule mke aliniuliza kama bado nipo. Nikasema nipo. Akasema mama anatikisa mkono wake mzima, na kwamba nikipenda, na kama si uzito kwangu, nije.

Nilikwenda wiki iliyofuata. Sikuwa na sababu ya kwenda wala ya kukataa, na miguu ikachagua. Nilishuka treni mwisho wa Victoria line, nikapita sokoni katikati ya wauza mapazia na ndizi mbichi. Alinifungulia mlango yeye mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa skuli, mdogo kuliko nilivyomkisia, amevaa soksi za mumewe. Soksi nilizijua. Akaniita dada, akanipokea koti.

Mama alikuwa amelazwa chumba cha chini, upande mmoja wa uso umeshuka. Nilimwamkia shikamoo nikambusu mkono. Alinitazama sana, halafu akanishika kidole kimoja kwa nguvu zote alizokuwa nazo, hakukiachia. Nikakaa hapo hapo. Yule mke akafungua Mac yake juu ya meza ya dawa, akapiga nyimbo, na sote watatu tukasikiliza.

Ulipofika wakati wa kumpa mama uji alibonyeza kile kidude chekundu. Dirisha likaondoka, wanawake wakaendelea kuimba. Akabonyeza huku na huku, akakitazama kioo kitupu, akanitazama mimi. Nikamwambia kwenye Mac kufunga dirisha si kufunga programu. Lazima uende juu, kwenye jina lake, uiambie iache. Mama alikuwa akituangalia, na upande mzima wa mdomo wake ukapanda. Alikuwa akicheka. Kisha akavuta pumzi akasema, kwa taabu lakini kwa uwazi, "Mkaza mwanangu."

"Abee," tukaitika kwa pamoja, mimi na yeye.

Hatukutazamana. Yeye alichukua kijiko cha uji, mimi nikamnyanyua mama kichwa. Sikujua ni yupi kati yetu aliyeitwa mke wa mwanawe, na mama hakusema zaidi. Alikula vijiko vichache akalala.

Nilikwenda Jumamosi nyengine kadhaa baada ya hiyo. Yule mke alikuwa akipata nafasi ya kutoka kununua vitu vyake, nami nikibaki na mama na Mac. Hatukuwa marafiki, sitaki kusema uongo. Hakuniuliza juu ya mumewe, sikumuuliza. Tulizungumza habari za dawa, za nesi wa kaunsili ya mtaa anayekuja asubuhi, na za kompyuta. Nilimtengenezea orodha mpya kwenye mashine yake, na hiyo haikupotea njia. Watu waliponisikia nikisema ninakotoka walishangaa, mmoja akasema mimi nina moyo mkubwa. Wenye moyo mkubwa huhisi kitu. Mimi nilikuwa nimekaa tu kwenye kiti, kidole kimoja kimeshikwa.

Mama alifariki wakati wa baridi. Mwanawe alikuwa amerudi siku chache kabla, namshukuru Mungu kwa hilo. Walizika siku ya pili yake. Mimi nilikwenda nyumbani kwa mama pamoja na wanawake. Nilikusudia kukaa karibu na mlango, pale wanapokaa majirani, lakini yule mke alikuja akanishika mkono, akanipeleka chumba cha ndani waliko mawifi na shangazi, akanikalisha kati yao, mwenyewe akarudi jikoni. Shangazi mmoja alisogea kunipa nafasi, akanipa juzuu yangu ya kusoma.

Nilipokuwa natoka nilikutana na mtalaka wangu ukumbini. Alikuwa ameota mvi. Alisema, "Ahsante kwa kumwangalia mama."

Nikamjibu kuwa Mungu amrehemu. Akaitikia amin. Nilikuwa nikiuogopa wakati huo kwa miaka, na ulipokuja ulikuwa hivyo tu, watu wawili kwenye ukumbi mwembamba wakipishana katikati ya viatu vya wageni.

Mkewe alinikimbilia nje bila koti, na kisahani cha plastiki chenye biriani ya khitma kimefungwa kwa karatasi ya fedha. Akasema nile nikifika. Pia akasema ameninakilia zile nyimbo kwenye diski ndogo, akaitia mkobani mwangu, akaingia ndani kwa kuwa baridi ilikuwa kali.

Kingsbury nilifika bado mchana. Diski niliiweka juu ya laptopu, sikuichomeka. Niliila biriani nikiwa nimesimama jikoni, na koti mwilini, imepoa, kwa mkono, mpaka nikaimaliza. Aliyeipika alizidisha chumvi. Nilijaza gilasi ya maji bombani, nikanywa, na bado nilikuwa na kiu, nikajaza nyengine.