Leseni ya Kutengeneza Jini

Afisa wa leseni alikuwa mtu wa kuchokonoa meno. Kila nilipoingia ofisini kwake pale Kajiado mjini, alikuwa na kijiti mdomoni, asubuhi kabla mtu yeyote hajala kitu kinachoweza kukwama. Nilimdharau kwa ajili ya kile kijiti kabla hajaniambia neno, na aliponiambia neno nilijua sikuwa nimemwonea.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi katika maabara ya kiwanda kikubwa cha bia Nairobi. Walipotupunguza, nilichukua malipo yangu ya kuachishwa kazi nikanunua mtambo wa shaba wa kukenekea pombe kali, si mkubwa, kisha nikatafuta mahali pa kuuweka. Kule Kitengela ninakoishi na mume wangu, kodi ilinishinda. Nikapata jengo Kisaju, lililokuwa zamani la kukusanyia maziwa, lenye sakafu nzuri ya saruji na mfereji wa maji machafu. Mwenyewe ni mzee Mmasai, mfugaji, ambaye hajaonja pombe tangu aokoke. Sikumficha. Nilimwambia nataka kutengeneza jini, ile pombe kali nyeupe inayonukia matunda ya mreteni, na kwamba mimi ningeongeza majani ya leleshwa, kile kichaka cha nyikani chenye harufu kali, na maganda ya ndimu. Akachukua jani la leleshwa mkononi mwangu, akalinusa.

"Hii sisi tunajipaka kwa kwapa," akasema.

Kisha akanipa ufunguo.

Kwa hiyo nikaenda Kajiado. Afisa alisoma barua yangu akiwa ameiinamisha kama menyu ya hoteli.

"Unataka baa ama duka la pombe?"

"Sitaki kuuza rejareja. Nataka kutengeneza. Ni kiwanda kidogo."

"Cha chang'aa?"

"Cha jini."

"Si ni kitu moja? Unachemsha, inatoka mvuke, mvuke inakuwa maji."

Hapo hakukosea, chang'aa ya magendo hupikwa vivyo hivyo, na hilo ndilo lililonikera.

"Tofauti ni leseni," nikamwambia.

"Na uko na leseni?"

"Ndiyo nimekuja kuomba."

"Basi saa hii bado ni chang'aa," akasema, akahamisha kijiti upande wa pili wa mdomo.

Alinituma kwa watu wa ushuru. Watu wa ushuru wakaniambia hawawezi kunipa karatasi yao bila ile ya kaunti. Nikarudi kaunti, nikaambiwa yao haitoki bila ile ya ushuru. Nikawauliza wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake, ni nani basi anayeanza. Kila mmoja aliniangalia kana kwamba nimemtukana mama yake. Kilichoniuma zaidi ni sauti yangu. Kwenye benchi pale nje nilikuwa nikiwaita majina nisiyoweza kuyaandika hapa, lakini mlango ukifunguliwa nilisikia mwanamke mwenye sauti ya asali akisema, "Habari ya asubuhi, mheshimiwa." Yule mwanamke nilimdharau pia.

Mume wangu ni karani katika ofisi ya serikali Nairobi. Jioni nikilalamika, yeye hula ugali wake polepole.

"Unafikiri hao watu ni wajinga," aliniambia siku moja. "Si wajinga. Karani akiweka sahihi halafu kitu kiharibike, anafutwa. Asipoweka, hakuna anayemuuliza."

"Na wewe ndivyo unavyofanya?"

Akaomba mboga zaidi. Nilimpakulia huku nikijiuliza ni nani aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi yake siku hiyo, akimwita majina.

Mwishowe kaunti ikakubali kuja kukagua. Walijaza gari: afisa wa leseni, mtu wa afya, na wengine ambao sikuambiwa kazi yao ni nini, wala sikuona wakiifanya. Mtu wa afya aliuzunguka mtambo, akaugonga kwa kalamu, akauliza choo cha wateja kiko wapi.

"Hapa hapatakuwa na wateja," nikasema. "Chupa zitatoka kwa katoni."

"Pombe bila wateja?" Akaandika kitu. Nilichungulia. Ameandika: hakuna choo.

Niliwapa chai na mandazi. Walikula, kisha wakabaki wamekaa. Afisa akatazama nje, ambako mbuzi wa mzee walikuwa wakila karibu na uzio, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Wageni wa mbali hivi, Kisaju huwa hawachinjiwi?"

Mzee alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Mbuzi wangu hana kesi," akasema.

Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, na nilipocheka nilijua nimeharibu. Kabla ya kuondoka, afisa alibandika tangazo langoni, kama sheria inavyotaka, ili mwananchi mwenye pingamizi aseme. Alikuwa ameliandika yeye mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito, kwa herufi kubwa: MAOMBI YA KUFUNGUA KIWANDA CHA KUTENGENEZA MAJINI.

Nilidhani ni mzaha wa kijinga wa mtu aliyenyimwa nyama. Nikaliacha, kwa sababu kulibandua ni kosa. Siku chache baadaye nilifika asubuhi nikakuta akina mama wa maombi wameuzunguka ukuta wa jengo langu, wengine na leso, wengine na shuka, wanaimba na kukemea. Mmoja alikuwa akinyunyiza maji kwenye kufuli. Nikasimama pale na mfuko wangu wa ndimu. Sikuweza kuingia kwenye kiwanda changu mpaka walipomaliza wimbo.

Afisa alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa na furaha. "Mama, kuna pingamizi la wananchi."

Siku ya kusikilizwa, mzee alikuja nami. Kule Kisaju alikuwa ameongea na wale akina mama kwa Kimaasai, na kiongozi wao, mwanamke mrefu mwenye kuuza maziwa barabarani, alisimama mbele ya kamati ya leseni akasema wazi, "Sisi hatukupinga pombe. Pombe tunaijua, iko kila mahali, hata hapa nje ya ofisi yenu inauzwa. Sisi tulipinga shetani. Sasa tumeambiwa hakuna shetani, ni kinywaji. Tumetoa maneno yetu."

Afisa akapekua faili. "Pingamizi likishaingia halitoki. Hakuna fomu ya kulitoa."

"Mimi ndiye niliyelileta," akasema yule mama. "Mdomo ni huu."

"Mdomo si fomu."

Mwenyekiti wa kamati akasema jambo limezingatiwa, tungoje. Tulitoka nje. Mzee aliniambia kwa upole kwamba ng'ombe akikataa kutoka zizini unamsukuma kwa nyuma, lakini hawa hakujua nyuma yao iko wapi.

Tulingoja. Mvua zikaja zikaisha. Nilikuwa nikienda Kisaju kuung'arisha mtambo usiofanya kazi, na kulipa kodi ya jengo lisilozalisha hata harufu. Kisha yule afisa akahamishwa. Sijui kwa nini; kwa kosa la kunizungusha isingekuwa, maana huko hilo si kosa. Mahali pake wakaleta mama mmoja wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma faili langu lote nikiwa nimekaa mbele yake. Akauliza, "Hii ni jini ya kunywa?" Nikasema ndiyo. Akakata neno "majini", akaandika "jini", akaweka sahihi, akagonga muhuri. Chai yake ilikuwa bado inatoa mvuke.

Akanisogezea karatasi. Niliichukua, nikaiweka kwenye mkoba, nikasimama.

"Mama," akasema, kwa mshangao wa kweli, "hata asante?"

Nilimtazama. Hakuwa amenikosea chochote. Lakini nilikuwa nimengoja mwaka mzima, na kazi yote ilikuwa ya dakika hizo. Nilisema, "Kwaheri," nikatoka.

Na karatasi hiyo ya kaunti ikafungua ya ushuru, na ya ushuru ikafungua nyingine. Siku ya kwanza tulipowasha mtambo, mzee alileta kiti chake akakaa mlangoni. Matone yalipoanza kushuka, nikamwaga yale ya kwanza ambayo hayanyweki, nikakinga yaliyofuata kwenye glasi nikampelekea anuse tu. Alinusa, akakunja uso, akarudisha glasi.

"Inanuka kama kijana anayeenda kuposa," akasema.

Mume wangu alipoonja jioni ile alisema ni kali kidogo. Nikamwambia si kali, ni yeye aliyezoea chai ya ofisini.