Rangi za Kanda ya Jedda

Kwa nini televisheni moja, katika ukumbi mmoja, ilionyesha picha za kwetu kwa kijivu na picha za Jedda kwa rangi? Niliulizwa swali hilo mbele ya baba, mama, shangazi na majirani wawili, na sikuwa na jibu. Nilikuwa msichana wa chuo kikuu, nimeingia mwaka wa pili, nikijulikana mtaani kwetu Likoni kwa kuuliza maswali mpaka watu wakachoka nami. Siku nilipoulizwa mimi nilinyamaza, na kunyamaza kwangu nusura kuniozeshe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Chuo kilikuwa kimefungwa baada ya wanafunzi kugoma, nasi tukarudishwa makwetu kwa amri kwamba kila wiki tujitokeze kwa chifu na kutia sahihi. Hakuna aliyejua kingefunguliwa lini. Kila Jumatatu nilivaa buibui, nikaenda ofisini kwa chifu, nikaketi kwenye benchi pamoja na watu wenye kesi za mipaka ya mashamba, nikatia sahihi, nikarudi. Nje ya safari hiyo sikuwa na pa kwenda. Kwetu msichana mkubwa asiyesoma wala kufanya kazi hukaa ndani, na akikaa ndani sana watu huanza kumtafutia pa kumpeleka.

Televisheni ilikuja katika kipindi hicho, pamoja na deki ya video, imeletwa na jamaa waliotoka umra. Mtumaji alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliyekuwa akifanya kazi Jedda kwa miaka kadhaa. Shangazi, ambaye ni dada wa pekee wa baba, alisema ni zawadi ya kijana kwa mjomba wake. Hakusema zaidi. Lakini mama alipoyaona yale masanduku mawili mlangoni, aliniangalia mimi kabla hajayaangalia masanduku.

Nilijua maana yake. Katika ukoo wetu posa haikuanza kwa maneno. Vitu hutangulia, tena huletwa kwa jina la mtu mwingine, ili mambo yakiharibika asipatikane aliyekataliwa. Wanaopokea wakikitumia kile kitu, wazee huja baadaye kusema yale ambayo kila mtu keshayajua. Nilimuuliza mama kama tukiiwasha tutakuwa tumekubali. Akaniambia niwache maswali. Nikamuuliza tukiirudisha itakuwaje.

"Baba yako ana dada mmoja tu," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba, nilikabidhiwa kitabu cha maelezo na kuambiwa niiunganishe. Basi nikaifunga kwa mikono yangu. Kitabu kilisifu mambo mengi. Rimoti ilikuwa na kumbukumbu ya stesheni zaidi ya thelathini, nasi Likoni tulikuwa na stesheni moja, inayofunguka jioni. Televisheni iliweza kujizima yenyewe watu wakisinzia. Deki iliweza kurekodi kipindi wakati hamko nyumbani, na sisi tulikuwa nyumbani siku zote. Kila nilipogeuza ukurasa nilijiuliza ni nani aliyekuwa na maisha ya kuhitaji hayo yote.

Yale ambayo kitabu hakikuyataja tuliyajua wenyewe. Umeme wa Jedda, tuliambiwa, ulikuwa mdogo kuliko wetu, kwa hiyo televisheni ilikuja na transfoma nzito iliyovuma muda wote na kupata moto kama pasi. Ukumbi ulikuwa na plagi moja iliyo salama. Ikiingia transfoma, feni hutoka. Tukawa tunachagua ama picha ama upepo, na tukichagua picha hulazimika pia kufunga dirisha, maana mwanga wa nje ulikuwa ukipiga kwenye kioo na kufuta kila kitu. Viti vilivyokuwa vikitazamana vikageuzwa vyote upande mmoja. Redio yetu ya zamani, iliyokuwa ikila stima na betri vilevile na kusikika hata stima ikikatika, ikahamishiwa jikoni juu ya kabati la vyombo. Nami nikawa naenda kuisikiliza huko, nikingoja tangazo la chuo.

Tulipoiwasha mara ya kwanza sauti ilikuja safi, picha ikaja safi, lakini bila rangi hata tone. Nilizungusha kila kilichozungushwa. Baba alipanda kwenye paa akaelekeza eriali kila upande. Tukakodi kanda ya sinema ya Kihindi, ambayo kila mtu mtaani aliijua kwa nguo zake, na hiyo nayo ikatoka kijivu kuanzia mwanzo hadi harusi ya mwisho. Fundi aliyeitwa alifungua mgongo wa ile televisheni, akapuliza vumbi, akasema tyubu ya rangi imekufa. Baba, mtu wa haki katika mambo yake, akasema hawezi kukaa na kitu kibovu akanyamaza. Atamwambia dada yake aichukue, kijana akaibadilishe.

Nilifurahi moyoni. Kitu kibovu hakihesabiwi kuwa kimepokelewa. Kwa siku chache nililala vizuri.

Ijumaa iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, shangazi akaja na kanda ndani ya mkoba wake. Ilikuwa imetoka Jedda, imerekodiwa na binamu mwenyewe. Majirani wawili wa kike walikuwa wamekuja kutuamkia, wakakaa. Baba alimweleza dada yake habari ya tyubu kwa upole, naye akasikiliza mpaka mwisho, akasema haya, tuiangalie hivyo hivyo, hata ikiwa ya kijivu amwone mtoto wake. Nikatia kanda.

Zulia jekundu likajaa kwenye kioo. Juu yake makochi ya kijani yenye pindo za dhahabu, na meza yenye mabuli ya shaba yanayong'aa. Tulikuwa tumeuzoea ule ukijivu hata macho yalituuma.

"Mlosema imekufa ni hii?" shangazi akauliza taratibu. "Wallahi haikufa, ndugu yangu. Ilikuwa yangoja cha kwao."

Jirani mmoja akasema hiyo ni ishara, mwenziwe akaitikia. Baba akanigeukia.

"Wewe ndiye tuliyekupeleka kusoma. Hebu tueleze. Kwa nini cha kwetu kijivu na cha kwake rangi?"

"Sijui, Baba."

"Hujui?"

"Sijui."

Somo langu lilikuwa historia. Nilitoa kanda ya Jedda nikatia ile ya Kihindi: kijivu. Nikairudisha ya Jedda: zulia jekundu. Nikarudia mara tatu mbele yao, na kila nilipojaribu nilizidi kuwathibitishia wao. Shangazi alicheka kidogo, bila ubaya, akaniambia, "Mwanangu, mengine hayamo vitabuni."

Tangu siku hiyo kanda ile ikawa inaangaliwa karibu kila alasiri. Majirani walikuja wengi, nami nikawapikia chai na kuisikia habari yangu ikizungumzwa kana kwamba nimeshaondoka. Ndani ya kanda binamu alikuwa akipita na kamera chumba hadi chumba, akionyesha vitu kwa mkono wake. Alimwamkia mjomba wake. Jina langu hakulitaja. Hii friji ya milango miwili, alisema, na hii mashine ya kufulia, unatia nguo unaenda zako. Huu mtambo wa hewa baridi. Na hii redio, kanda mbili kwa pamoja, yenye taa zinazoruka muziki ukipigwa. Wanawake wa mtaa walihesabu faida za kila kimoja. Mmoja aliniambia sitashika tena beseni la nguo maishani, akanitazama mikono kwa wivu wa kweli. Nilitaka kuuliza, nguo zikijifua na hewa ikijipoza, mimi huko nitakuwa nikifanya nini mchana kutwa? Niliuliza. Wakacheka, wakasema nitajua nikifika.

Asubuhi, nyumba ikiwa tupu, nilifanya majaribio peke yangu. Nilibadilisha nyaya. Nilikodi kanda nyingine, za mieleka, za qaswida, za katuni. Nilisoma kitabu cha maelezo neno kwa neno, pamoja na herufi ndogo za nyuma nisizozielewa. Zote zikatoka kijivu, na ile moja rangi. Siamini ishara, wala sikuamini wakati ule. Lakini kutoamini peke yake si jibu, na kwa watu walio na macho maneno yangu hayakuwa na uzito wowote. Nilikaa mbele ya kioo kile, dirisha limefungwa, transfoma ikivuma miguuni pangu, jasho likinitiririka, nikihisi kwamba ushahidi umenizunguka pande zote na kwamba wote ni wa upande wao.

Shangazi akapanga siku ya wazee kuja. Kuhusu masomo yangu alisema kusoma hakukimbii, hata huko kuna vitabu. Kijana alitaka mambo yaishe upesi kwa sababu ya karatasi za safari. Baba alikubali siku ile. Aliniambia mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni bila kuingia, na nilimjibu abee kama nilivyofunzwa.

Mama ndiye aliyekuwa hajasema kitu. Alikuwa ameiona kanda ile mara nyingi kuliko mtu yeyote, maana kila mgeni alipokuja yeye ndiye aliyekaa naye. Siku chache kabla ya siku ya wazee, shangazi alikuja tukaiangalia tena, yeye, mama na mimi, sisi watatu tu. Binamu alipofika kwenye mashine ya kufulia, mama akasema nisimamishe. Nikabonyeza rimoti. Picha ikakwama, ikitetemeka kidogo.

"Wifi, hapa ni usiku au mchana?"

Shangazi akasema ni mchana, si adhana ya adhuhuri hiyo iliyosikika?

"Mbona taa zawaka?"

"Huko ndivyo wakaavyo. Jua lao kali, wafunga mapazia."

"Nimetafuta dirisha lililo wazi," mama akasema. "Chumba hadi chumba. Nimetafuta tangu hiyo Ijumaa ya kwanza. Mlango wa nje umefungwa, mapazia yamefungwa, hata jikoni. Hakuna mtu aliyepita. Hakuna sauti ya mtoto wala ya jirani. Mimi niliolewa nikaletwa hapa simjui mtu, wifi, lakini dirisha nililikuta."

"Una maana gani?"

"Simpeleki mwanangu mahali nisipoona dirisha."

Shangazi alimkumbusha kwamba mume wake ameshakubali. Mama akasema ndiyo, na jioni akirudi atamwambia maneno hayo hayo, na asipoyasikia atayarudia kesho. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeshika rimoti, sijui niendeleze picha au niizime.

Sikuwapo walipozungumza yeye na baba. Najua tu kwamba wazee hawakuja, na kwamba mkokoteni ulikuja badala yao. Masanduku tulikuwa tumeyahifadhi, tukavipakia vyote: televisheni, deki, transfoma, rimoti ikiwa bado na karatasi yake ya nailoni. Shangazi hakuja mwenyewe. Hakukanyaga kwetu kwa miaka mingi baada ya hapo, na baba, kila Idi, alikwenda kwake peke yake na kurudi mapema, bila kusimulia. Deni hilo mama alilibeba, si mimi. Chuo kilipofunguliwa nilisikia tangazo jikoni kwenye redio, nikaondoka wiki ile ile, nikiwa na aibu ya kufurahi kiasi kile.

Jibu la swali la baba nililipata Nairobi, kwa mwenzangu aliyesomea uhandisi, katika mazungumzo ya dakika chache. Nchi zilikuwa na mifumo tofauti ya kupeleka rangi. Televisheni ile ilitengenezwa kwa mfumo wa huko, matangazo yetu na kanda zetu zilikuwa za mfumo mwingine, na vitu vya mifumo miwili vikikutana picha hupita, rangi ikabaki nyuma. Nilimwandikia baba. Hakunijibu kuhusu hilo.

Binamu nilimwona matangani shangazi alipofariki, akiwa mtu mzima, amesharudi moja kwa moja, ana gari la kubebea abiria wa hoteli za Shelly Beach. Tulikaa kwenye mkeka na watu wengine, tukaongea habari za wazazi wetu, na kanda ikatajwa na mtu, na yeye akasema bila kufichaficha. Nyumba ile ilikuwa ya tajiri wake. Yeye alikuwa dereva. Familia ilikuwa imekwenda kwenye baridi ya milimani, wakamwachia funguo amwagilie maua, na alifunga mapazia ili mlinzi wa jirani asimwone ndani na kamera isiyo yake.