Chumvi Iliyoita Mbuzi

Naona haya kulisimulia jambo hili, lakini kwa kuwa Bulengera nzima inalisimulia vibaya, ni afadhali mlipate kwangu mimi mwenyewe, kwa mpangilio.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, siku ya wakwe kuleta mbuzi wa mahari ya binti yangu Kavira, na asubuhi, badala ya kushika jembe kama wajane wengine, nikaamua (mimi mwenye cheti, niliyeketi darasani na watoto wa umri wa wajukuu wangu) kuyaua magugu ya uani kisayansi: nikayamwagia chumvi, mfuko mzima.

Jirani yangu Masika akachungulia juu ya ua. “Mama Kavira, ile chumvi mvua itabeba yote, eh!”

“Chumvi ikiyeyuka huzama ardhini,” nikamjibu kwa Kiswahili cha vitabu.

(Katika mtihani wa cheti changu niliandika kinyume chake: kwamba kwenye mteremko, kama huu wa uani kwangu, mvua huyeyusha kilicho juu ya udongo na kukishusha mtaroni. Nilipata alama zote.)

Wakwe wakafika na mbuzi sita, tukaingia ndani kuomba, mvua ikapiga, ikakatika, na tulipotoka kukabidhiana tukakuta mbuzi wa mtaa mzima wanalamba mawe ya mtaro, wanapanda kufuata maji yanakotoka, wanasukuma lango langu, wanachanganyika na wale sita, ambao nao walikuwa wameshakata kamba.

Baba mdogo wa bwana harusi akashangaa. “Bakwe, tulileta sita. Hii yote ni ya nani? Mwenye kuolewa si ni mumoja?”

Lakini barabarani wenye mbuzi hawakutania. “Yule mujane anavuta mbuzi zetu na dawa!”

Kicheko kikakatika. Shangazi wa bwana harusi akafunga kitenge, tayari kuondoka. Kavira akanitazama.

Basi nikapanda kiti, nikatangaza: “Si dawa. Ni chumvi. Niliimwaga mimi, kwa ujinga.”

Baba mdogo akachovya kidole mtaroni, akalamba. “Mungu wangu, kweli! Inakosa tu maharagi!”

Hata shangazi alicheka, akaketi. Masika akamalizia kwa sauti ya kanisani: “Mama Cheti, si ulisema inazamaka?”

Kavira aliolewa. Magugu yamerudi, mazito kuliko zamani, nami nimeapa: uani kwangu, jembe tu. Ila kila mvua ikikatika, beberu wa Masika husimama langoni akinikodolea macho, kama mwalimu anayesubiri jibu.